Monterrey, Saltillo au Chihuahua: mji upi kwa siku nne za Juni?

Kila mwaka shule zikikaribia kufungwa hapa Texas, ndugu na marafiki huniuliza swali lilelile: tuvuke mpaka twende mji gani wa Meksiko, siku nne tu, pasiwe mbali, na pasiwe na joto? Hilo la mwisho ndilo gumu. Kuanzia mwisho wa Mei mpaka mvua za Julai zishike, kaskazini mwa Meksiko huwaka. Hermosillo, kule Sonora, huvuka nyuzijoto 40 siku nyingi za Juni, na Torreón haiko nyuma sana. Hiyo miwili naiondoa moja kwa moja, iende Novemba. Tijuana ndiyo inayosalimika, kwa sababu ya bahari baridi ya Pasifiki: ukungu wa Juni huweza kutanda hadi karibu adhuhuri, na mchana mara nyingi hauzidi 25 au 26. Lakini kutoka Texas ni safari ndefu zaidi, na anayekwenda huko hufuata mambo mengine, samaki na bahari na mashamba ya zabibu ya Valle de Guadalupe.

Inabaki miji mitatu ambayo familia yangu imelala na kula ndani yake: Monterrey, Saltillo na Chihuahua. Nimeilinganisha mara nyingi kichwani, na nimeona kwamba wengi wetu hukosea mahali pamoja. Tunafungua simu, tunatazama joto la saa nane mchana, tunachagua mji wenye namba ndogo. Mimi nasema tazama joto la usiku. Kisha jiulize swali la pili: kuanzia saa sita mchana mpaka saa kumi na moja jioni nitajificha wapi, na patakuwa na cha kufanya?

Usiku wa kila mji

Monterrey iko mita 540 hivi juu ya usawa wa bahari. Mchana wa kawaida wa Juni ni nyuzijoto 34, na wimbi la joto likipiga hupita 40. Usiku hushuka mpaka 23 hivi, lakini namba hiyo inadanganya. Hewa yenye unyevu huja kutoka Ghuba ya Meksiko, milima imeuzunguka mji, na kuta za saruji zilizolishwa jua kutwa huanza kulitema joto watu wakishalala. Aliyekulia Dar es Salaam au Mombasa atalijua fukuto hilo, ila hapa hakuna upepo wa bahari wa kulipunguza.

Chihuahua iko juu zaidi, kama mita 1,400. Mchana wake ni kama ule wa Monterrey, 34 au 35, na kuna siku hufika 38. Anayeangalia mchana tu ataona miji hii miwili haina tofauti. Lakini hewa ya Chihuahua ni kavu, ya jangwani, na hewa kavu haishiki joto. Jua likizama, joto nalo huondoka. Alfajiri ni 18 au 19, na unaweza kulala dirisha wazi. Fikiria Dodoma badala ya Dar.

Saltillo iko mita 1,600, kilomita 85 tu magharibi mwa Monterrey. Mchana kama 30, usiku 17. Mama yangu, aliyekuja kututembelea kutoka Tanga, aliomba blanketi ya pili Saltillo usiku wa Juni. Juzi yake, Monterrey, alikuwa ameketi mbele ya kiyoyozi saa nne za usiku, hataki kusogea.

Kwa hiyo ukiwa na mzee, mtoto mchanga, au mtu mwenye shinikizo la damu, uamuzi umekwisha nusu. Mwili hupumzika usiku. Mtu aliyelala vizuri huvumilia mchana wa nyuzijoto 35. Aliyekesha akigaagaa hauvumilii hata mchana wa 31.

Ukavu nao una hatari yake, na watu wa pwani hawaujui. Tumezoea kuliona jasho likitiririka, ndipo tunakumbuka maji. Chihuahua jasho hukauka kabla hujaliona, unadhani huna kiu, kumbe unakauka taratibu. Kunywa kwa saa, usingoje kiu. Kila duka la dawa huuza maji ya chumvi na sukari kwenye chupa; ombeni "suero". Na maji ya bomba msinywe katika mji wowote kati ya hii mitatu.

Monterrey: mji wa kujificha vizuri

Pamoja na hayo yote, Monterrey si mji wa kuuacha. Kwenye swali la pili, la mahali pa kujificha, unaishinda miwili mingine kwa mbali.

Wenyeji huuita Sultana wa Kaskazini. Ulianzishwa 1596, lakini sura yake ya leo imetokana na chuma. Kiwanda kikubwa cha kuyeyusha chuma kilianzishwa hapo 1900, kikafanya kazi mpaka Mei 1986 kilipofilisika na maelfu ya wafanyakazi kupoteza ajira. Badala ya kukibomoa, walikigeuza kuwa bustani ya umma, Parque Fundidora, na tanuri namba tatu likawa makumbusho, Horno 3, yaliyofunguliwa 2007. Ukiingia unasimama chini ya tanuri lenyewe, wanazima taa, na kwa moto, moshi na sauti wanakuonyesha chuma kilivyokuwa kikimiminika. Mwanangu wa miaka tisa, ambaye makumbusho humchosha ndani ya dakika kumi, aliomba turudie. Mimi nilibaki nikitazama picha za wafanyakazi. Nyuso za watu waliosimama mbele ya moto huo kwa miaka, mjini ambamo hata bila moto joto linatosha. Sikuwa nimetarajia kuguswa kiasi hicho.

Kutoka bustanini mpaka katikati ya mji kuna mfereji wa kilomita mbili na nusu, Paseo Santa Lucía, wenye mashua na njia ya miguu. Usiupite mchana. Nenda jua likishazama, ukiwa umelala kidogo na kuoga. Familia za mji mzima huwa zimetoka, watoto wanakimbia, na maji yanapunguza ule ukali. Mwisho wake uko karibu na uwanja mkuu, Macroplaza, penye mnara mwembamba wa rangi ya chungwa wa mita 70, Faro del Comercio, uliobuniwa na Luis Barragán. Hapohapo kuna MARCO, makumbusho ya sanaa ya kisasa yaliyofunguliwa 1991, kazi ya msanifu Ricardo Legorreta. Mlangoni amesimama njiwa mkubwa mno wa shaba, wa Juan Soriano. Hata kama sanaa ya kisasa haikusemezi kitu, kuta nene na ua wa ndani wenye maji vinatosha kulipia tiketi saa nane mchana. Kumbuka tu kwamba makumbusho mengi ya Meksiko hufungwa Jumatatu. Ukifika Jumapili usiku ukatenga Jumatatu kwa makumbusho, umejinyima.

Asubuhi ni za milimani. Saa za Meksiko hazisogezwi tena kiangazi tangu Oktoba 2022, isipokuwa miji ya mpakani na maeneo machache, kwa hiyo miji yote mitatu iko nyuma ya Houston na Dallas kwa saa moja mwezi Juni. Faida yake ni kwamba saa kumi na mbili asubuhi Monterrey kumekwisha pambazuka. Panda Chipinque saa hiyo, msitu ulio juu ya San Pedro Garza García, ushuke kabla ya saa nne. Dubu weusi huonekana huko, kwa hiyo msiache chakula wazi wala mtoto asitangulie peke yake. Korongo la Huasteca, kule Santa Catarina, nalo ni la asubuhi tu: kuta za mawe zinapanda juu kama zimekatwa kwa panga, na mchana hugeuka kuwa jiko. Mapango ya García, ambayo hupandiwa kwa gari la kamba, yanafaa saa yoyote, maana ndani kuna ubaridi wa kudumu.

Jambo moja zito. Mwaka 2022 Monterrey ilipitia ukame mkali. Bwawa la Cerro Prieto lilikaribia kukauka kabisa na mitaa mingi ikawa inapata maji saa chache kwa siku. Mto Santa Catarina unaokatiza mji huwa mkavu karibu mwaka mzima, ingawa Julai 2010 kimbunga Alex kiliujaza ukabeba barabara. Ukiwa mgeni hotelini hutaona shida hiyo kwa urahisi, kwa hiyo oga upesi na usidai shuka mpya kila siku. Mwenyeji wako anaikumbuka 2022.

Na kuhusu 2026: Monterrey ni mmoja wa miji mitatu ya Meksiko iliyopewa mechi za Kombe la Dunia, pamoja na Mexico City na Guadalajara, na uwanja uko Guadalupe, pembeni mwa mji. Kama mpira si shabaha yako, Juni hiyo nenda Saltillo au Chihuahua.

Saltillo: mdogo, mpole, wa kutembea kwa miguu

Saltillo hausifiwi sana na watalii, na sidhani wana haki. Ulianzishwa 1577, miaka karibu 20 kabla ya Monterrey. Mwaka 1591 familia za Watlaxcala kutoka kusini zilihamishiwa hapo, na ufundi wa kufuma ukashika mizizi. Ndiyo asili ya sarape, ile nguo yenye mistari ya rangi nyingi ambayo leo watu huiona kama alama ya nchi nzima. Kuna makumbusho yake katikati ya mji, hatua chache kutoka kanisa kuu la Santiago, na anayetoka kwa watu wanaojua thamani ya kanga atasimama hapo muda mrefu.

Kwa watoto kuna Museo del Desierto, lililofunguliwa 1999. Mifupa ya dinosaria waliofukuliwa katika jimbo hilohilo la Coahuila imesimamishwa ukumbini, akiwemo Coahuilaceratops mwenye pembe ndefu aliyeelezwa na wanasayansi mwaka 2010. Ni nusu siku nzima, ndani, kivulini.

Baada ya hapo, niseme kweli, hakuna mengi. Siku mbili zinatosha. Mabasi kutoka Monterrey ni mengi na huchukua kama saa moja na nusu yakipanda mlima, na ukishuka tu unaihisi hewa imebadilika. Safari za ndege za moja kwa moja ni chache, kwa hiyo karibu kila mtu hupitia Monterrey. Ndiyo sababu mimi siuoni Saltillo kama mshindani wa Monterrey. Nauona kama chumba chake cha juu, cha kulala.

Chihuahua: historia, na njia ya kuelekea korongoni

Chihuahua ni wa mtu anayependa kujua nini kilitokea mahali anaposimama. Katika jumba la serikali ya jimbo, padri Miguel Hidalgo, aliyeanzisha vita vya uhuru wa Meksiko, alipigwa risasi tarehe 30 Julai 1811. Mahali pale pametengwa, na kuta za ua zimechorwa historia ya jimbo na Aarón Piña Mora. Kwa mwendo wa dakika chache unafika Casa Chihuahua, ambako chumba alichofungiwa siku za mwisho kimehifadhiwa. Unaingia, dari iko chini, mwanga ni mdogo, na hakuna anayeongea kwa sauti.

Kisha Quinta Luz, nyumba ya Pancho Villa, jenerali wa mapinduzi ya Meksiko. Mkewe, Luz Corral, aliishi humo mpaka alipofariki 1981, akiwapokea wageni mwenyewe. Uani lipo gari la Dodge ambalo Villa aliuawa ndani yake, kule Parral, tarehe 20 Julai 1923, na matundu ya risasi unayahesabu kwa kidole. Mtu anaweza kumpenda au kumchukia Villa, na wenyeji hawakubaliani mpaka leo, lakini mbele ya lile gari wote hunyamaza.

Katikati ya mji ni padogo na pametulia: kanisa kuu lililoanza kujengwa 1725, mtaa wa Libertad usio na magari, na jumba la kifahari la Quinta Gameros. Vyote unavimaliza asubuhi mbili. Mahali pa kujificha mchana ni pachache kuliko Monterrey; ukiondoa makumbusho hayo na mapango ya Nombre de Dios, utabaki chumbani. Lakini jioni ni ndefu, maana mji uko magharibi zaidi na jua huzama baada ya saa mbili usiku, na hapo ndipo Chihuahua hupendeza.

Wengi huufikia mji huu kwa ajili ya treni ya Chepe na Barranca del Cobre, makorongo ambayo baadhi yake yana kina kuliko Grand Canyon ya Marekani. Reli ilikamilika 1961 na huteremka mpaka Los Mochis, pwani ya Pasifiki. Kwa siku nne, usijaribu yote. Treni ya kifahari huanzia Creel, si Chihuahua mjini, na Creel ni saa nne au zaidi kwa basi. Ukiwa na nguvu, lala Chihuahua usiku mbili, Creel usiku mmoja, uone korongo kutoka ukingoni pale Divisadero, urudi. Creel iko zaidi ya mita 2,300 na Juni jioni utavaa sweta. Usiteremke chini ya korongo mwezi huo, kwenye vijiji kama Urique. Kule joto ni kali kuliko mjini. Na akina mama wa Kirarámuri, wenyeji wa asili wa makorongo hayo, utakaowaona na magauni yao ya rangi, mjini na Creel, wana haki ya kuombwa kabla ya kupigwa picha. Wengine watakataa. Nunua kikapu, shukuru, endelea.

Usiunganishe Chihuahua na Monterrey katika siku nne. Kati yao ni kama kilomita 800.

Kula, hasa kwa anayechunga

Kaskazini ni nchi ya ngano na nyama ya ng'ombe. Tortilla za hapa mara nyingi ni za unga wa ngano, laini, na mama yangu alipozionja alisema tu, "Hizi si chapati hizi?" Monterrey ina cabrito, mbuzi mchanga anayenyonya bado, anayebanikwa polepole kandokando ya makaa, na asubuhi kuna machacado, nyama iliyokaushwa na kupondwa, ikakaangwa na mayai. Chihuahua ina jibini la Wamenoni, watu wa dhehebu la Kikristo waliohamia Cuauhtémoc kutoka Kanada mwaka 1922.

Sasa kwa Waislamu wenzangu, kitu ambacho vitabu vya watalii havisemi: zile tortilla za ngano mara nyingi hukandwa kwa mafuta ya nguruwe, na maharage ya kupondwa hupikwa kwa mafuta hayohayo. Uliza kila mara: "¿Lleva manteca?" Ukijibiwa ndiyo, omba tortilla za mahindi. Saltillo, mkate wao maarufu, pan de pulque, huumuliwa kwa pulque, ambayo ni kinywaji kilichochachuka. Kwa upande huu Monterrey, ukiwa mji mkubwa, ndio rahisi zaidi: mikahawa ni mingi na ya kila aina.

Makaratasi, na ngozi yetu

Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya au Kongo huhitaji viza ya Meksiko, isipokuwa akiwa na viza hai ya Marekani, au ni mkazi wa kudumu wa Marekani. Mama aliingia kwa viza yake ya Marekani bila tatizo. Kabla ya kutoka tulihakikisha inamruhusu kuingia tena. Lakini ndugu zetu wakimbizi ambao hawajapata ukazi wa kudumu, au wanaosubiri kesi ya hifadhi, tafadhali msivuke kwa sababu mji uko karibu. Zungumza na mwanasheria wako kwanza. Kutoka ni rahisi. Kurudi ndiko kunakovunja familia.

Na hili lazima niliseme. Katika basi letu la kwenda Saltillo walipanda maofisa kukagua, wakapita viti vyote, wakasimama kwetu tu. Waafrika na Wahaiti wengi wamepita kaskazini mwa Meksiko wakielekea Marekani, na mtu mweusi kwenye basi hudhaniwa ni mmoja wao. Pasipoti zilikuwa mkobani mwangu, zenye muhuri wa kuingia, na baada ya dakika tano walishuka. Mwanangu aliniuliza kwa nini sisi tu. Nilimjibu ukweli. Beba pasipoti halisi mwilini, si nakala, si picha ya simu, kila utokapo nje ya mji.

Kwa usalama wa jumla, panda ndege. Houston au Dallas mpaka Monterrey au Chihuahua ni chini ya saa mbili au karibu hapo. Barabara ya kupitia Nuevo Laredo inaonekana fupi kwenye ramani, lakini inapita jimbo la Tamaulipas, ambalo serikali ya Marekani imewashauri raia wake kwa miaka wasilikanyage. Maonyo ya majimbo mengine hubadilika. Yasome wiki ya kuondoka. Namba ya dharura ni 911, kama huku.

Ningechagua nini

Vijana, au wanandoa wasio na watoto, safari ya kwanza: Monterrey usiku wote mitatu. Lipieni chumba chenye kiyoyozi kinachofanya kazi, mkijaribu kabla ya kufungua mabegi. Nje asubuhi na usiku, makumbusho mchana.

Familia yenye watoto: Monterrey usiku mmoja, kwa ajili ya Horno 3 na mfereji, kisha Saltillo usiku mbili. Hii ndiyo niliyoipenda kuliko zote, na ndiyo niliyompa shemeji yangu mwaka jana.

Mwenye mzee, au mwenye kiu ya historia, au anayetaka kuliona korongo kabla mvua za Julai hazijaanza: Chihuahua. Mama anarudi mwaka huu, na amekwisha sema hataki kusikia tena habari za kulala mbele ya kiyoyozi. Tiketi zetu ni za Chihuahua, wiki ya pili ya Juni, na blanketi tumeomba mapema.